Miiba Kwenye Njia ya Baiskeli

Siku ya kwanza kazini nilipewa filimbi, fagio la chelewa lenye mpini mrefu, na baiskeli isiyokuwa na kengele. Nilipouliza kengele iko wapi, Bwana Msimamizi alinitazama juu ya miwani yake akasema, "Mdomo unao?" Nikasema ninao. "Basi kengele unayo. Twende."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya ulinzi wa njia ya baiskeli mjini Malindi. Nilitokea Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, nyayo zimepasuka kama udongo wa Ganze wakati wa kiangazi. Kabla ya hapo nilikuwa nimekata mkonge upande wa Kilifi, nikapalilia bustani ya hoteli Watamu, nikauza maji kwa mkokoteni mtaani Kisumu Ndogo. Mimi ni mtu wa miguu inayowasha. Marehemu baba alikuwa akisema kwamba mama alinizaa akiwa safarini, na mimi sijafika bado. Nilidhani nitakaa kwenye kazi hii msimu mmoja. Nikakaa miaka kumi na miwili, nadhani kwa sababu ni kazi ambayo mtu hulipwa kwa kuwa njiani. Mwaka huu nimestaafu, nami nina miaka arobaini na saba. Wenzangu wananicheka, ati mtu hastaafu akiwa na meno yote.

Nyinyi mnaoipokea kazi hii mmepewa makoti ya kung'aa na redio za mkononi. Si vibaya. Lakini yako mambo ambayo redio haiwezi kuwaambia, ndiyo maana nimekaa chini kuandika.

Bwana Msimamizi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuja kwetu, na kazi aliigawa kama somo. "Iko na mambo mawili tu," alisema asubuhi ile, fimbo yake ikigonga lami. "Njia iwe wazi, na mtu asiumie. Yakigongana, hilo la pili ndilo la kwanza."

Kuzunguka njia tuliita doria. Asubuhi wanaoingia mjini ni wengi kuliko wanaotoka, kwa hiyo doria ya asubuhi huendeshwa ukitoka mjini, ili ukutane nao uso kwa uso. Ukimwona mtu uso utajua kama ana usingizi, kama ni mgonjwa, kama breki zake zimekufa anaomba Mungu. Ukimfuata nyuma utajua suruali yake tu. Kusi ikivuma, mchanga hulala juu ya lami, tabaka jembamba kama unga uliomwagika, na gurudumu la mbele likipita hapo huteleza bila kuaga. Mchanga huo hufagiliwa kuelekea unakokwenda upepo. Mimi siku ya pili niliufagia kinyume chake, nikarudi nyumbani nimeula.

Na filimbi. Vijana, ogopeni filimbi. Wiki yangu ya kwanza nilimpulizia mbeba makaa aliyekuwa akija kutoka upande wa Kakuyuni, magunia matatu nyuma, kwa kuwa alikuwa amepita mstari wa katikati. Akasimama ghafla. Baiskeli yenye magunia haisimami, huanguka. Ili isimame, mwenyewe hutafuta mahali, hushuka polepole, akaiegemeza kwa mti wenye panda anaotembea nao. Yule bwana hakupewa nafasi hiyo. Makaa yakatapakaa njia nzima.

"Wewe mwenye filimbi!" alinipigia kelele akiwa chini. "Ulizaliwa wapi, ndani ya gari?"

"Ganze," nikasema.

"Ganze, na hujui uzito wa makaa? Mwambie mamako amekuzaa bure."

Tuliyaokota pamoja, yeye akitukana, mimi nikiitikia. Tangu siku hiyo mbeba makaa nilimwamkia tu kwa mkono. Yeye alijua njia yake.

Sasa nije kwenye vibanda. Kando ya njia yetu mji ulijenga vibanda vya saruji vyenye paa na benchi, ili mwendesha baiskeli apumzike au ajifiche mvua. Aliyevichora hakufikiri kwamba mahali penye paa na benchi, katika mji ambao kodi inapanda na vyumba vya udongo vinashuka, hapatakaa bila wenyewe. Watu walihamia. Walikuwa watu walioachishwa kazi ya chumvi, mama aliyefukuzwa na mawifi, kijana mmoja aliyekuwa akiongea na redio mbovu. Mjini walisemwa kuwa ni wezi. Katika miaka yangu yote wezi niliowakamata kwenye njia ile walikuwa na nyumba zao, na mmoja alikuwa na nyumba ya kupangisha.

Kibanda cha tatu ukitokea sokoni kilikuwa cha Hawe Dama. Hawe ni bibi kwa Kigiriama, na njia nzima ilimwita hivyo, Waislamu kwa Wakristo. Mumewe alikuwa fundi wa baiskeli Kisumu Ndogo. Mume alikufa, mvua za masika zikaangusha chumba chao, na mwenye kiwanja akasema hapajengwi tena. Hawe akaondoka na sufuria, kanga mbili na sanduku la mumewe la vifaa, ambalo alililalia kama mto.

Aliwahi kuniomba ruhusa ya kulifungua. "Baba, wacha niwe nabandika tyubu hapa kibandani. Kazi hii naijua. Mume wangu alikuwa akishika spana, mimi nashika kiraka."

Nilimwambia sheria hairuhusu biashara vibandani. Na kweli, ilikuwa imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu.

"Na kulala inaruhusu?" akauliza.

"Hairuhusu pia."

"Basi wanifukuza kwa kulala, kisha wanikataza kuamka." Akacheka, akalirudisha sanduku chini ya benchi. Mimi nilipanda baiskeli yangu nikaenda zangu, nikijiona nimetenda haki.

Baadaye Bwana Msimamizi alihamishwa, akaja Bwana Mkaguzi. Alikuwa kijana, shati limenyooka, mwendo wa haraka, na jambo moja zuri: alipanda baiskeli mwenyewe. Mwezi wake wa pili, sista mmoja wa hospitali akielekea kazini asubuhi kwa baiskeli alianguka. Hawe alikuwa amepikia uji kando ya lami, figa moja likabingirika njiani, na gurudumu la sista likalikuta. Alivunjika mkono. Hawe mwenyewe ndiye aliyemfunga kwa kanga na kumpeleka hospitali, lakini habari ilifika ofisini kabla wao hawajafika huko.

Jumatatu Bwana Mkaguzi alituita. "Ijumaa asubuhi lori linakuja," alisema. "Kila anayelala kibandani atapakiwa, apelekwe kwao."

"Kwao wapi, bwana?" nikauliza.

"Kila mtu ana kwao."

Nilikwenda kumwambia Hawe. Alikuwa akichambua mchicha. Hakuinua kichwa.

"Kwetu walishagawana shamba," alisema. "Walisikia nimekufa. Sasa nikishushwa na lori pale mchana kweupe, itawabidi waniue kweli, ili mambo yakae sawa."

Nilicheka, kisha nikaona hacheki. Aliacha mchicha akaniuliza, "Kahindi mwanangu, wataniruhusu niende na sanduku?"

Swali hilo lilinitoa usingizi. Nikawaza namna ya kumwokoa, na hapo ndipo akili ya Ganze ilipoamka. Kwetu, ukitaka mbuzi wasipite mahali, huweki askari. Unakata matawi ya mgunga yenye miiba, unayapanga, na mbuzi wanasoma wenyewe. Nikawaza: nikivijaza vibanda miiba Alhamisi jioni, hakuna atakayelala humo. Watajisogeza kichakani kwa siku moja. Lori likija Ijumaa litakuta vibanda vitupu, Bwana Mkaguzi ataandika kwamba kazi imekwisha, na Jumamosi natoa miiba, kila mtu anarudi kwake. Niliona sijawahi kuwa na wazo zuri kama hilo.

Nilimweleza Bwana Mkaguzi nusu yake, ile nusu ya miiba.

"Huo ni utaalamu gani?" akauliza.

"Wa mbuzi, bwana."

Akafikiri. "Hauna gharama?"

"Hauna."

"Endelea."

Alhamisi mchana nilikata migunga nyuma ya njia mpaka mikono ikatoka damu. Kufikia alasiri kila kibanda kilikuwa kimejaa, kimefumwa vizuri hasa. Marehemu baba angejivuna. Hawe na wenzake nilikuwa nimewaeleza mpango wote, naye alikuwa tayari na mizigo yake. Alitazama kazi yangu, akatazama miti inavyoinama, akasema, "Zizi hujengwa pasipo upepo, mwanangu."

"Ni siku moja tu, Hawe."

"Haya. Wewe ndiye mwenye filimbi." Akajitwika sanduku, akaingia kichakani na wenzake.

Kusi ya usiku ule ilipeperusha mpaka mabati. Ijumaa nilipofika kazini, vibanda vyangu vilikuwa vitupu kabisa, hata jani. Miiba yote ilikuwa kwenye njia. Mingine ilikuwa imezama ndani ya mchanga, inachungulia ncha tu.

Nilikimbilia fagio. Nilikuwa nimechelewa. Wa kwanza alikuwa mwalimu; nilisikia *psss*, nikamwona akishuka na kulitazama gurudumu lake kwa huzuni kama mtu aliyetukanwa na rafiki. Akafuata muuza madafu. Wakafuata wanafunzi kundi zima, *psss, psss, psss*, kama chapati zinatiwa kwenye mafuta. Wabeba makaa walikuja watatu kwa mstari. Wa mbele alikuwa yule yule niliyempulizia filimbi, na mimi nikatamani lami inimeze. Katika muda mfupi njia ilikuwa soko: baiskeli zimepinduliwa matumbo juu, watu wanauliza fundi, na fundi wa karibu yuko mjini, naye hafungui mapema.

Hapo kichaka kikafunguka, akatoka Hawe Dama, sanduku kichwani. Akasimama, akaangalia kulia, akaangalia kushoto.

"Nani amepanda mgunga barabarani?"

Kila mtu alinitazama mimi.

"Zizi naliona, Kahindi," akasema. "Mbuzi wako wako wapi?"

Waliangua kicheko, hata mwalimu. Kicheko kile kiliniokoa, maana nadhani walikuwa karibu kunipiga.

Hawe aliketi chini ya paa la kibanda chake, mgongo kwenye yale maandishi mekundu, akafungua sanduku. Nilipewa amri moja baada ya nyingine, nami nilizitii: maji, beseni, tyubu kuukuu ya kukatia viraka. Nawaeleza namna alivyofanya, kwa kuwa siku hizi mtu akitobokewa ananunua tyubu mpya. Tairi alilichomoa kwa mipini ya vijiko viwili. Tyubu aliijaza upepo, akaizamisha kwenye beseni, akaizungusha polepole mpaka mapovu yatoke. Palipotoka povu alipaweka alama kwa njiti ya kiberiti. Akakausha, akasugua kwa msasa, akapaka gundi. Kisha akangoja. Hapo ndipo mafundi wa haraka wanapokosea. Gundi inayong'aa haijawa tayari, lazima ififie kwanza. Ndipo akabandika kiraka na kukigonga kwa kisigino cha spana. Na kabla ya kurudisha tyubu alipitisha kidole ndani ya tairi, taratibu, macho amefumba, kuutafuta mwiba wenyewe. "Ukiziba tundu ukaacha mwiba," aliniambia, "umejiajiri tena kesho."

"Wanafunzi mbele!" alipaza sauti. "Makaa hayaozi."

"Madafu je, Hawe?" akauliza yule muuza madafu.

"Madafu ukikaa nayo sana unayanywa. Ngoja."

Katikati ya hayo akafika Bwana Mkaguzi, akikokota baiskeli yake. Magurudumu yote mawili yalikuwa yamelala. Alitazama foleni, akanitazama mimi, akaamua kutonitazama tena. Akapita mbele.

"Mama, shikamoo. Mimi nina haraka kidogo."

"Marahaba, baba. Haraka ya nini?"

"Nina kazi. Kuna lori naliongoza."

"Ni lile la kunichukua mimi?"

Bwana Mkaguzi aliitika kwa kichwa.

"Basi nenda nyuma," Hawe akasema kwa upole, akiendelea kusugua. "Zamu yako ni ya mwisho. Nikipakiwa kabla hujafika, utatembea kwa miguu."

Alikwenda nyuma. Nitamsifu kwa hilo mpaka nife, kwa kuwa nimewahi kuwa na wakubwa ambao wasingekwenda.

Pale nyuma alimkuta sista, mkono wake kwenye plasta. Alikuwa akienda kazini kwa miguu tangu alipoumia, na alikuwa amesimama kuangalia. Sista alimwamkia, kisha akasema kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Bwana, naambiwa lori hili linakuja kwa malalamiko yangu."

"Ndiyo, sista. Tumechukua hatua."

"Mimi sikuandika watu waondolewe. Niliandika mafiga yaondolewe. Ni mawe matatu. Yanahitaji lori?"

Mwalimu alisema kwamba yeye naye hataki watu walale njiani, si salama kwao wala kwa mtoto anayekwenda shule, na alisema kweli. Mbeba makaa akamjibu kwamba ni afadhali njia yenye macho ya Hawe kuliko njia tupu, maana pale kibanda cha tatu hajawahi kuporwa. Wakabishana. Muuza madafu akawakatia madafu ili wabishane vizuri. Hawe aliendelea na kazi yake. Alikuwa na kidole ndani ya tairi. Lakini mimi niliyekaa karibu niliona mkono wake mwingine unalivuta sanduku karibu, kwa kuwa ngurumo ya lori ilikuwa imeanza kusikika.

Lori lilifika, likasimama ukingoni. Dereva akachungulia. "Niwapakie akina nani?"

Bwana Mkaguzi alikuwa bado wa mwisho kwenye foleni. Alitazama magurudumu yake, akamtazama sista, akatazama njia ilivyojaa matawi toka kibanda cha kwanza mpaka cha mwisho.

"Pakia miiba," akasema.

Tuliipakia sote, wanafunzi waliokuwa wakingoja zamu, wabeba makaa, na wale waliolala kichakani, ambao lori lilikuja kwa ajili yao. Kijana wa redio mbovu alitoa amri kama nahodha. Bwana Mkaguzi alikunja mikono ya shati lake lililonyooka, akachomwa sana. Alipofika mbele ya Hawe hatimaye, aliketi juu ya ndoo akatazama mapovu yakitoka kwenye beseni, na waliongea kwa muda mrefu. Sikuwasikia. Nilikuwa nafagia.

Msidhani mambo yalitengenea kesho yake. Ofisi haibadiliki kwa kiraka kimoja. Bwana Mkaguzi aliandika barua, ikajibiwa kwamba imepokelewa, akaandika nyingine. Mwanzoni tulichoruhusiwa ni kujenga jiko la pamoja nyuma ya vibanda, mbali na lami, na kumpa Hawe sehemu ya kibanda awe fundi wa njia. Yale maandishi mekundu nilipewa mimi kuyapaka chokaa, nikapaka mara mbili. Kisha akaja Afisa wa Ustawi, mama mmoja mwenye subira, akakaa na kila mtu peke yake akauliza anachoweza na asichoweza. Karibu na njia palikuwa na ghala la zamani la vifaa vya barabara, halina kazi ila kufuga popo. Ilichukua masika mawili, lakini liligawanywa vyumba, kila chumba na mlango wake na kufuli yake. Wengine walihamia, Hawe akiwemo. Kijana wa redio alijaribu siku tatu, akasema kuta zinamziba masikio, akaondoka. Nasikia yuko Mambrui. Mama wa mawifi alirudi kwa mumewe, akatoroka tena, akapewa chumba. Kazi hii haina mwisho safi, na anayewaambia inao hajawahi kuifanya.

Mkiniuliza nimejifunza nini, nitasema nilikuwa mlinzi mwaminifu na mjinga kwa wakati mmoja, na mambo hayo hukaa vizuri pamoja kuliko mnavyodhani. Njia ikiwa wazi kwa sababu hakuna mtu, hiyo si salama, ni tupu. Ikijaa mafiga, napo watu wanaumia. Katikati ya hayo mawili ndipo kazi yenu ilipo, na hakuna koti linalong'aa kiasi cha kuwaonyesha. Inabidi muulize. Nami nilijifunza kuuliza nikiwa nimechelewa, kwa miiba.

Mwezi uliopita nilirudisha filimbi, fagio na baiskeli. Miguu imeanza kuwasha tena. Nafikiria kupanda juu mpaka Lamu, au kushuka Lunga Lunga ambako sijafika bado. Kabla ya kuondoka nilikwenda kumuaga Hawe. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, na mlango wake ulikuwa umefungwa. Nikasimama, nikagundua kwamba katika miaka yote ya kumjua sikuwahi kumbishia hodi. Hapakuwa na pa kubisha.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi Kahindi."

"Kahindi yupi?"

Alikuwa akiijua sauti yangu kama anavyoijua tyubu yenye tundu. "Kahindi wa miiba, Hawe."

"Ngoja hapo," akasema. "Sijawa tayari."

Nikasikia ndoo ikisogezwa, bila haraka yoyote. Nikasikia kanga ikikung'utwa, kitanda kikilia, na bibi yule akiimba kidogo kidogo huku akitafuta ufunguo wake. Jua lilinichoma kichwa chote. Nikangoja.